Chai ya Aibu

Mwenyekiti wetu alikuwa na kiti kimoja, na kiti hicho kilitazama kusini. Ole wako ukikihamisha. Hata ukikisogeza kwa kufagia tu, Bi Tunu mwenye mgahawa alikuwa akikufokea kutoka jikoni na mwiko mkononi, maana aliijua adha ya Mwenyekiti kuingia akakuta kiti kimegeuzwa. Hasemi kitu mzee wa watu. Anasimama pale mlangoni na mwavuli wake, anakikodolea macho kile kiti cha plastiki chekundu, mpaka mtu mmoja aone haya, ainuke, akirudishe. Mgahawa wenyewe uko ghorofani, Huanshi Zhonglu, juu ya maduka ya simu, ngazi zake zimezibwa na maboksi ya watu wa kago, na sisi Watanzania wa mtaa wa Xiaobei, hapa Guangzhou, ndipo tulipokuwa tukipata pilau, maharage, chapati na umbea wa nyumbani.

Mimi sina subira na mambo yasiyoelezwa. Siku moja nikamwuliza, "Mwenyekiti, hivi huko kusini kuna nini? Sie Waislamu tuna kibla na hatusumbui watu namna hii."

Akacheka. Akanieleza kwamba wafalme wa kale wa Kichina walikaa wakitazama kusini, na yeyote aliyekuja kushtakiwa, au kuomba, au kupokea amri, alisimama mbele yao akitazama kaskazini. Kazi ya mfalme mwema, akasema, ni kukaa. Akikaa sawasawa, nafsi yake imenyooka, watu hujipanga wenyewe, kama zile nyota zinazoizunguka nyota moja isiyohama.

"Kwa hiyo wewe tunakuheshimu kwa kukaa?"

"Kwa kukaa vizuri, Mama Salma. Ni kazi ngumu kuliko unavyodhani."

Nilimwona mjinga kidogo siku ile, na sitaficha kwamba nilikuwa nikimwona mjinga mara nyingi. Lakini kesi zangu zote nilimpelekea yeye.

Kwao ni wapi na alizaliwa na nani, sijui. Mwenyewe hakupenda kuyasema, nami sina kawaida ya kuchokonoa. Kilichojulikana ni kwamba alikuja China kusoma, zamani, kabla wengi wetu hatujajua kwamba suruali za jinzi zinaweza kununuliwa kwa kontena. Wenzake walisoma udaktari na ujenzi wa reli. Yeye akasoma fikra za wazee wa kale wa nchi hii juu ya utawala mwema: nani anafaa kutawala, atawale vipi, na aondoke lini. Masomo yale hayakumpatia kazi yoyote hapa duniani, akaishia kuwa mtu wa kago kama wengine, anapokea mizigo, anapima, anapakia. Kichina chake kilikuwa cha vitabuni. Tukienda naye Zhanqian Road kununua nguo, sisi tunapiga kelele zetu za "tai gui le", ghali mno bosi, tunajifanya tunaondoka. Yeye anamwambia muuzaji kwa upole kabisa kwamba bei hii haina utu ndani yake. Wasichana wa dukani wanaangua kicheko. Na wallahi, mara nyingine walimpunguzia yeye kuliko mimi niliyetoka jasho.

Chama chetu cha Watanzania hakikuwa na katiba. Tulimlilia sana. Tulimwambia vyama vya wenzetu vina kurasa na mihuri, kosa hili faini hii, kosa lile unafukuzwa. Alikataa katakata. Ukimtawala mtu kwa adhabu, alisema, atajifunza kuikwepa adhabu, basi. Haya hatakuwa nayo. Mtu mwenye haya hahitaji polisi. Mahali pa faini akatuwekea chai.

Ilikuwa hivi. Watu wa Guangzhou, ukimmiminia mwenzio chai, yeye hugonga meza kwa vidole viwili, ko ko, ndiyo asante yake, hana haja ya kukatisha mazungumzo. Mwenyekiti akaichukua desturi ile akaifanya mahakama. Aliyekosa anaitwa Jumapili mgahawani. Anasimama, uso kaskazini, anashika birika na kutumiminia wote chai, akianzia kwa aliyemkosea. Kosa halitajwi. Hakuna anayesema neno. Unamimina tu, na kila mtu mezani anajua kwa nini unamimina. Aliyekosewa asipogonga, unaendelea kumimina, kikombe kijae, kifurike, kimwagike, na wewe umesimama hapo hapo. Akigonga, limekwisha, na hakuna ruhusa ya kulifufua, si mgahawani, si sokoni, wala kwenye simu ya kwenu.

Mtacheka. Nami nilicheka, mpaka nilipomwona jamaa mmoja wa Mwanza, pande la mtu, sauti yake ukiisikia barabarani unapisha, akisimama na birika kwa kuwa alimsingizia mwenziwe uongo kwa Wachina. Alimwagia Bi Tunu chai kwenye gauni. Alilia machozi, mtu mzima yule. Na tangu siku ile hajamsingizia mtu.

Mimi mwenyewe nilishamiminiwa. Kuna dada mmoja alinizunguka, akachukua mshono wangu wa jinzi niliokuwa nimeuhangaikia kwenye karakana moja ya Xintang, akautolea oda karakana ile ile, akanitangulia Kariakoo. Jumapili aliponimiminia, niliacha kikombe kikafurika. Nikaacha chai ikatambaa mezani, ikafika kwenye sahani ya chapati. Dada wa watu amesimama, jasho linamtoka. Nilikuwa na hasira, na hasira zangu haziishi kwa kikombe kimoja.

"Mama Salma," Mwenyekiti akasema polepole, "meza inalowa."

Nikagonga. Na kweli liliisha; yule dada leo hii nikiugua ndiye wa kwanza kuniletea uji.

Basi usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na vituko vyake, tena vya kukera. Hakupokea hongo ya mtu, hata soda ya bure hakuinywa, lakini alikuwa akiondoka mgahawani mifuko imevimba vipakiti vya sukari na vijiti vya kuchokolea meno. Bi Tunu alikuwa akimhesabia kwa macho na kunyamaza. Alihubiri kiasi, mwenyewe akipaka nywele rangi nyeusi kila zinapochungulia mvi. Alituambia mtawala hagombani na watu wadogo, kisha tukamkuta barabarani akizozana na dereva wa teksi, wote wawili wamepandwa na mori, kwa sababu dereva alimwita rafiki badala ya bwana.

Na kuna mwaka mvua ilipiga, maji yakaingia kwenye ghala letu, marobota yakalowa. Mwenyekiti akaacha kula nyama. Jumapili akasimama, akatuomba radhi. Tukatazamana. Nikamwuliza, "Kwani wewe ndiye uliyenyesha?" Akasema wafalme wa kale, mafuriko au njaa ikiingia nchini, hawakutafuta wa kumlaumu, walijiuliza wao wamekosa nini, maana mbingu humpa mtu utawala na mbingu humnyang'anya. Watu walijiumauma midomo wasicheke. Ila mimi niliporudi chumbani nilikaa kitandani nikawaza ni lini kwetu niliwahi kumsikia kiongozi akiomba radhi kwa mvua.

Aliwachukia wazee wengine wa kale, wale wa sheria. Hao walifundisha kwamba mtawala ana mipini miwili tu mkononi, zawadi na adhabu, na kwamba jirani amchongee jirani, ndugu amchongee ndugu, ndipo nchi itulie. Nilipenda kumchokoza hapo. "Lakini hao ndio walioishika nchi nzima, au siyo? Wako wa chai walishika nini?" Alikuwa akikunja uso. "Waliijenga dola yao haraka, ikaanguka haraka. Watu hawakuwa na sababu ya kuilinda." Halafu anatia kipakiti cha sukari mfukoni.

Fundisho lake kubwa lilikuwa la vitu vitatu. Nchi ina chakula, ina silaha, ina imani ya watu. Ukilazimika kuacha kimoja, acha silaha. Ukibanwa tena, acha chakula, maana kufa kila mtu atakufa. Imani usiiache. "Watu wasipokuamini," alikuwa akisema na kupigapiga mkono wa kile kiti chekundu, "huna utawala. Una kiti tu."

Alikuwa na mtoto mmoja, Jabiri. Mama yake Jabiri alibaki nyumbani, na kijana aliletwa Guangzhou akiwa mtu mzima, ndevu zimeota, amsaidie babake mizigo. Hapa ndipo Mwenyekiti alipokuwa mtu mwingine kabisa. Kwetu mkali wa heshima, kwa Jabiri akawa uji. Alimmenyea machungwa. Ndiyo, limwanaume la miaka yote hiyo, baba mtu anamenya chungwa, anatoa na nyuzi nyeupe, anamwekea kwenye kisosi, Jabiri anakula huku anaangalia simu. Nilimwambia unamharibu. Ndipo aliponipa kisa cha kondoo.

Alisema palikuwa na watu wa nchi fulani waliojisifu mbele ya mwalimu mkubwa wa kale: kwetu sisi mtu mnyoofu, hata babake akiiba kondoo, anakwenda kumshtaki. Yule mwalimu akawajibu kwamba kwao unyoofu ni mwingine. Kwao baba humsitiri mwana, na mwana humsitiri baba. Unyoofu umo humo humo. Nchi, Mwenyekiti akasema, huanzia nyumbani. Mtu asiyejua kumsitiri wake hawezi kumhurumia wa mwingine.

"Na mwenye kondoo je?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Mwenye kondoo. Aliyeibiwa. Yeye anasitiriwa na nani?"

Akamenya chungwa lake mpaka mwisho. Bi Tunu akaniambia niache kumsumbua mzee wa watu.

Sasa niseme la Hamisi.

Hamisi ni mdogo wangu, tumbo moja. Nilimleta Guangzhou mimi mwenyewe, anisimamie oda za Xintang wakati nikienda na kurudi. Siku hizo Jabiri alikuwa ameanza kazi ya kuongezea watu viza. Unampa pasipoti yako, anapotea nayo siku kadhaa, anairudisha na stika mpya imebandikwa. Ingekuwa mtu mwingine tungeichunguza ile stika, tungeiweka juani, tungeuliza huku na huku. Sisi wafanyabiashara hatuamini hata zipu bila kuifungua na kuifunga. Lakini ulikuwa mkono wa Jabiri, na Jabiri ni wa Mwenyekiti. Tulizipokea pasipoti zetu tukazitia kwenye pochi bila hata kuzifunua. Imani ile ile aliyotuhubiria, mwanawe akaifanyia biashara.

Stika zilikuwa za kughushi. Si zote, baadhi alizipeleka kunakostahili, nyingine akazibandika mwenyewe na mwenzake mmoja. Polisi walipopita Xiaobei kukagua pasipoti, Hamisi akachukuliwa, na wenzetu wengine pamoja naye. Ikawa wanaulizwa wao: nani kakubandikia hii? Nao, jamani, hawakusema. Hamisi hakusema. Nilipopata kuzungumza naye kwa simu alinong'ona tu, "Dada, nitamtajaje mtoto wa Mwenyekiti?" Na kadiri wasivyosema ndivyo walivyozidi kuonekana wameghushi wenyewe. Yule aliyekuwa akitutafsiria mambo ya polisi alituambia waziwazi: mwenye kosa asipopatikana, watafungwa hawa.

Sikulala, sikula. Mama yangu nyumbani ananipigia kila saa, Hamisi yuko wapi, mbona hapatikani, nami namdanganya simu yake imeharibika. Nikapanda ngazi za Bi Tunu asubuhi, mgahawa mtupu, Mwenyekiti amekaa kwenye kiti chake. Nikasimama mbele yake, na nilipotambua nimeelekea wapi, nikaona nimesimama nikitazama kaskazini hasa, mahali pa mwombaji.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "mimi ndiye mwenye kondoo."

Alijua. Uso ulishamshuka kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia Hamisi ana mama kama Jabiri alivyo na mama. Nikamwambia watoto wa watu wanamlindia jina lake kule ndani, na yeye yuko hapa anakunywa chai. Nilisema mengi, mengine hayafai kurudiwa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nipe mpaka Jumapili, binti yangu," akasema. Hakuwahi kuniita binti yake kabla ya hapo.

Jumapili ile tulijaa mpaka ngazini. Jabiri akaja, amenyoa, amevaa shati jeupe. Babake alimnyooshea birika tu. Jabiri akasimama akitazama kaskazini na akaanza kumimina. Alianzia kwangu. Kikombe kikajaa. Nilimtazama yule kijana nikaona midomo imemkauka, macho ya mtoto, na nikamtazama babake, naye alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtu, ananiomba. Nikagonga meza. Wote wakagonga, mmoja baada ya mwingine, ko ko, ko ko, meza nzima. Jabiri akaweka birika chini, akashusha pumzi ndefu, akakaa. Mtu mmoja akamsogezea chapati. Kwa desturi yetu limekwisha, na yeye alijua limekwisha. Akatabasamu.

Mwenyekiti akamenya chungwa. Akalitoa nyuzi. Akamwekea kwenye kisosi, akangoja mpaka Jabiri akalimaliza lote. Halafu akainuka.

"Vaa koti, mwanangu. Tuondoke."

"Wapi, baba?"

"Polisi."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Jabiri alitutazama mmoja mmoja. "Si wamegonga? Baba, wamegonga wote, umewasikia."

"Wamegonga hawa. Walioko ndani hawakuwepo kugonga."

"Basi mbona umenimiminisha?"

Yule mzee aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu wafalme wa kale mpaka vipakiti vya sukari, akachukua koti la mwanawe akamvisha. Bi Tunu alitoka jikoni, akasema, "Mwenyekiti, hivi ndivyo tulivyo?" Mzee akachukua mwavuli wake. Akamshika mwanawe mkono, wakashuka ngazi, na kwa sababu maboksi yalikuwa mengi alimwongoza taratibu, anamwonyesha pa kukanyaga.

Hamisi alitoka. Walitoka wote, wakapandishwa ndege kwenda nyumbani, na kurudi China hawaruhusiwi, lakini ni nini hicho. Hamisi leo ana duka Kariakoo, ameoa. Mama yangu kabla hajafa alimwona akiingia mlangoni. Mimi sikumdhulumu mtu, nilidai ndugu yangu nikapewa, na mtu akinijia na maneno mengine kuhusu hilo nitamjibu.

Jabiri alifungwa miaka kadhaa.

Wiki za mwanzo Mwenyekiti alisifiwa mpaka na watu wa mataifa mengine. Kiongozi gani, baba gani, mnyoofu gani. Alivyosifiwa ndivyo alivyozidi kukonda. Kisha nikaanza kuona viti vinapungua. Mtu akiwa na shida ya karatasi, hamwambii Mwenyekiti tena. Wawili wakigombana, wanamalizana wenyewe mitaani, na wanavyomalizana si vizuri. Nilimwuliza jamaa yule wa Mwanza mbona haonekani. Akaniambia, "Dada, aliyemtoa mwanawe, mimi ataniacha?" Na hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayeniambia mvua inakuja.

Jumapili moja akaitwa kijana aliyemwibia mwenziwe nafasi kwenye kontena. Kosa dogo, la kugonga na kucheka. Mwenyekiti akamnyooshea birika. Kijana akaweka mikono nyuma. "Nikimimina," akasema, "halafu?" Tulikaa pale wote, birika limeshikwa hewani na mkono wa mzee, chai inapoa, na hakuna aliyeweza kumwambia yule kijana halafu kutakuwa nini. Ile ndiyo ilikuwa chai ya mwisho.

Mwaka uliofuata tukaandika katiba. Ina kurasa, ina muhuri, ina faini. Mwenyekiti mpya ni mtu mzuri, anajua hesabu. Watu wanaisoma katiba vizuri sana na wanajua pa kupenya. Kiti chekundu kiligeuzwa kuelekea televisheni na hakuna aliyesimama mlangoni kukitazama.

Nilimkuta tena si zamani, Xintang. Nilikuwa nimekwenda kwenye karakana kukagua mzigo, na mwenye karakana akaniambia kuna mzee mweusi mtaa wa nyuma huwatafsiria wanunuzi wageni, Kichina chake ni cha ajabu, kama cha makaburini. Nikajua. Nikaacha jinzi zangu mezani nikamtafuta.

Alikuwa na chumba kimoja chini, mlango wazi, cherehani za jirani zinanguruma ukutani. Nywele zote nyeupe, ameacha kupaka rangi. Kulikuwa na meza, viti viwili vya plastiki, birika, vikombe viwili, na kisosi chenye chungwa lililomenywa ambalo lilikuwa limeanza kukauka. Yeye alikuwa amekaa upande huu, mgongo mlangoni. Kiti cha pili, kitupu, kilikuwa ng'ambo ya meza. Nilipokaa hapo bila kufikiri, ndipo nikaona jua linaponijia, nikajua nimekalia kiti cha kusini na kwamba yeye anatazama kaskazini.

"Hamisi hajambo?" aliniuliza.

"Hajambo, Mwenyekiti. Anakusalimu."

"Vizuri. Vizuri sana."

Nikamwuliza Jabiri. Alikuwa ametoka. Walimtoa gerezani wakampeleka moja kwa moja uwanja wa ndege, wakampandisha. Miaka yote ile baba mtu alikwenda kila siku ya kuonana, na kila mara akaambiwa mfungwa hataki kutoka. Sasa yuko nyumbani kwa mamake na simu ya babake hapokei. Alinisikilizisha ujumbe wa mkewe, aliouhifadhi kwenye simu tangu siku ile ya polisi. Sauti ya mama mtulivu kabisa: "Ulikuwa na mtoto mmoja. Wanachama ulikuwa nao wangapi?" Ujumbe ulikuwa huo tu, na nikaona kwa jinsi kidole chake kilivyoujua mahali ulipo kwamba anausikiliza mara kwa mara.

"Rudi nyumbani, Mwenyekiti. Nenda ukamwone."

"Nirudi nikakae wapi?"

Nikasema la kwanza lililonijia. "Wale wazee wako wa kale hawakuacha neno kwa hili?"

"Waliacha. Walisema nchi ikae sawa, mtawala awe mtawala, na baba awe baba." Akapangusa meza kwa kipande cha kitambaa cha jinzi. "Hawakusema mtu mmoja akiwa wote wawili afanyeje. Au walisema, nami siku ile ya somo nilikuwa nimelala." Akajaribu kucheka. "Na kosa langu, Mama Salma, si kumpeleka. Ningempeleka tu, angenichukia, basi. Kosa langu ni kumnywesha msamaha kwanza. Nilitaka apate vyote viwili. Nilitaka mumsamehe kabla sijampoteza. Nikamfundisha mbele yenu wote kwamba msamaha wetu ni mtego."

"Ulinirudishia ndugu yangu," nikamwambia.

"Najua, binti yangu."

Akainuka. Magoti yalimsumbua, alishika meza. Akalichukua birika kwa mikono miwili, akasimama wima mbele yangu, uso kaskazini, na akaanza kunimiminia chai. Mwili wangu uliitambua ile chai kabla yangu mwenyewe. Sikungoja kikombe kijae, safari hii sikungoja hata kidogo. Nikagonga meza kwa vidole viwili, kwa nguvu, mpaka vikombe vikalia.

Hakuacha kumimina. Chai ikafika ukingoni, ikapita, ikatandaa juu ya meza.

"Mwenyekiti," nikasema, "nimegonga. Hunisikii? Nimegonga."

"Nimesikia, Mama Salma." Macho yake yalikuwa kwenye kile kikombe. "Lakini safari hii mwenye kondoo si wewe."

Meza ile iliinama upande wake. Chai ilimchuruzikia kwenye suruali, ikaingia viatuni, naye amesimama hapo hapo, akamimina mpaka birika likaisha.